Pointi 17 kwa 20, na sababu hazijulikani: uchambuzi wa interogasio moja ya historia, Katuba

Kalasi ni ya tatu ya humanite, katika shule ya sekondari ya komini ya Katuba, Lubumbashi. Wanafunzi ni 56, wanakaa watatu kwa kila benchi, na historia ina saa mbili kwa juma. Kisa hiki kimetungwa ili kichambuliwe. Halengwi mtu wala shule, na hesabu za kalasi zimewekwa ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu mkononi. Tarehe za historia, lakini, ni za kweli.

Somo lilihusu mji na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya shaba, inaanzishwa mwaka 1906. Reli inatoka kusini na kufika Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1910. Mwaka huohuo inaundwa Bourse du Travail, ofisi ya kuwatafutia migodi wafanyakazi. Reli inafika Bukama mwaka 1918. Kisha Vita vya Pili vya Dunia, na mwishoni wafanyakazi Waafrika wanaacha kazi Desemba 1941, wakidai nyongeza ya mishahara, mpaka askari wanawapiga risasi tarehe 9 kwenye uwanja wa mpira. Idadi ya waliokufa inatofautiana kutoka chanzo kimoja hadi kingine, na hilo nalo mwalimu alilisema. Katika daftari za wanafunzi yote haya yalijaza ukurasa mmoja na nusu, yakiandikwa kwa imla.

Interogasio (jaribio la kalasi) ya periodi ya kwanza, yaani nusu ya kwanza ya semesta, ilikuwa na maswali kumi ya pointi mbili mbili. Union Minière ilianzishwa mwaka gani? Reli ilifika Élisabethville mwaka gani? Bourse du Travail ilikuwa na kazi gani? La tisa: taja sababu tatu za mgomo wa 1941. Daftari lilikuwa nazo zote tatu kwenye mstari mmoja: mishahara midogo, maisha kupanda bei, vita. Wanafunzi 52 waliofanya walipata wastani wa 15.5 kwa 20. Wote walifurahi, mwalimu naye.

Ukafika mtihani wa semesta, wenye pointi 40. Swali la mwisho lilikuwa na pointi 10: eleza jinsi Vita vya Pili vya Dunia vilivyochangia wafanyakazi wa Union Minière kuacha kazi Desemba 1941. Wanafunzi 54 walikuwa ukumbini. Kati yao 29 waliliacha swali tupu. Wale 25 walioandika walipata 5 hivi kwa wastani, na wastani wa kalasi nzima ukaangukia 2.3 kwa 10.

Prefe, mkuu wa shule, aliuliza swali ambalo prefe yeyote angeuliza: jambo walilolijua mwezi wa kumi limepotelea wapi? Kwenye kikao cha walimu yalitolewa majibu matatu. Mmoja alisema wanafunzi ni wavivu. Wa pili alisema swali limepita kiwango chao. Wa tatu alisema shida ni Kifaransa. Kila jibu lina chembe ya ukweli, ila hakuna hata moja linalogusa kiini. Jambo lile halikupotea, kwa sababu halikuwahi kupimwa. Interogasio ilipima daftari.

Ili kulithibitisha, karatasi zile 52 zilitolewa tena kabatini. Namna ya kuzichambua ni rahisi, haihitaji kompyuta, na inachukua saa moja na nusu kwa kalasi ya ukubwa huu. Unazipanga kuanzia pointi nyingi hadi chache. Unachukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, ambazo kwa karatasi 52 ni 14 na 14. Halafu kwa kila swali unahesabu wangapi walipata katika kundi la juu na wangapi katika kundi la chini. Tofauti hiyo ukiigawa kwa 14 unapata uwezo wa swali kutenganisha anayejua na asiyejua. Idadi ya waliopata katika kalasi nzima ukiigawa kwa 52 unapata wepesi wake.

Swali la 1906 lilipatwa na 50 kati ya 52, yaani 0.96. Juu 14, chini 12, tofauti 0.14. Swali la namna hii linafaa kufungulia interogasio ili mtoto atulie, lakini maswali saba ya namna hii ni pointi 14 zisizosema kitu. Lile la tisa, la sababu tatu, lilipatwa na wote 14 wa juu na 9 wa chini, tofauti 0.36. Kwa vitabu vya upimaji hilo ni swali zuri. Hapo ndipo walimu wengi huishia, nao hupotea, maana hesabu hii inaonyesha kwamba swali linatenganisha, haionyeshi linatenganisha nini. Likiwa linatenganisha aliyekariri mstari na asiyekariri, tarakimu itatoka nzuri vilevile.

Kwa hiyo pakahitajika kipimo cha nje. Wale 14 wa juu wa interogasio walifuatwa mpaka swali la pointi 10 la mtihani: 5 tu ndio walipata 5 au zaidi. Wale 14 wa chini wakafuatwa pia: 4. Watano kwa wanne. Kupata pointi nyingi kwenye interogasio hakukutabiri karibu chochote kuhusu kueleza sababu, ingawa sababu zenyewe zilikuwa zilezile na mwalimu ni yuleyule.

Karatasi mbili zinaonyesha jambo hili kuliko jedwali lolote.

Mwanafunzi wa kwanza, tumwite A, alikuwa na 17 kwa 20. Kwenye mtihani aliandika, kwa Kifaransa kisicho na kosa, maneno yenye maana hii: Union Minière ilianzishwa 1906, reli ilifika 1910, vita vilianza 1939, wafanyakazi waligoma tarehe 9 Desemba 1941, sababu ni mishahara midogo, maisha kupanda bei na vita. Kila tarehe ni sahihi kadiri daftari lilivyokuwa sahihi (na hapa daftari lilikosea: tarehe 9 ni siku ya risasi, kazi ilikuwa imeachwa siku chache kabla). Lakini sentensi hizo ukizipanga upya kwa mpangilio wowote hazibadiliki maana. Hakuna moja inayoishika nyingine. Vita viko upande huu, mishahara upande ule, na msomaji hajaambiwa vita vya Ulaya viliingiaje katika sufuria ya mfanyakazi wa Élisabethville.

Mwanafunzi B alikuwa na 8 kwa 20. Swali la mtihani aliliacha tupu. Lakini nyuma ya karatasi ya majaribio, ile ambayo kwa kawaida haisahihishwi, kulikuwa na maneno haya ya penseli: «Vita ilileta bei ya bintu ikapanda, mushahara ikabakia paka ile ile, baba ya nyumba hawezi kulisha batoto. Njo maana baliacha kazi.» Mistari miwili, na ndani yake mna sababu, kiungo, tokeo na mpangilio wa wakati. Ukiondoa Kifaransa, hili ndilo jibu bora la kalasi nzima katika swali lile, nalo lilihesabiwa sifuri.

Mwalimu wa tatu kwenye kikao hakukosea basi, ila alikosea dawa. Alitaka maswali yawe mepesi. Kinachotakiwa ni kupima vitu viwili mbalimbali na kuandika pointi mbalimbali. Mtoto wa Lubumbashi anafikiri kwa Kiswahili cha nyumbani, anasoma na kuandika shuleni kwa Kifaransa, na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, itamhoji kwa Kifaransa. Hakuna anayemsaidia kwa kumwondolea Kifaransa. Lakini pointi ya historia inayopotea kwa sababu ya kitenzi kilichokosewa inamdanganya kila mtu anayesoma buleteni, ripoti ya pointi. Utaratibu uliokubaliwa ni huu. Mpango wa jibu unaweza kuandikwa kwa Kiswahili juu ya karatasi, na mwalimu anausoma. Ubaoni yanawekwa maneno sita ya Kifaransa yanayofunga sababu na tokeo, kama «parce que», «donc» na «c'est pourquoi». Kosa la sarufi halipunguzi pointi ya historia maadamu maana inasomeka. Na aliyeacha wazi ingawa ana mpango karatasini anaitwa, anaulizwa kwa mdomo dakika mbili, na anaweza kupata hadi nusu ya pointi za swali. Nusu, si zote, kwa sababu kuandika ni sehemu ya kazi.

Yako mambo mengine mawili ndani ya pointi zile 15.5, nayo ni mazito.

Wanafunzi waliohesabiwa kuwa wameanguka interogasio walikuwa 7. Wanne kati yao hawakuanguka: siku hiyo walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali (karo ya shule), na daftari la pointi likaandikwa 0. Ukiziingiza sifuri hizo nne, wastani wa kalasi unashuka kutoka 15.5 hadi 14.4, na mzazi anayesoma 0 kwenye historia anadhani mwanawe hajui historia. Anachojua mwanawe hakijulikani, kwa sababu hakuulizwa. Katika safu ya pointi ziwekwe herufi A ya kutokuwepo, na interogasio ya kufidia ifanyike ndani ya siku saba kwa maswali mengine ya kiwango kilekile. Kama shule haiwezi kufanya hivyo, periodi yake ihesabiwe kwa kazi alizofanya. Kuweka sifuri mahali pa deni la baba ni dhuluma, hata kama desturi imeizoea.

La pili: watano walipunguziwa pointi mbili mbili kwa kupiga kelele. Buleteni ina mahali pake pa mwenendo. Kelele ziandikwe pale.

Sasa hesabu ya mwaka. Katika mfumo wetu kila periodi ya historia kwa kalasi hii ina 20, mtihani una 40, semesta inakuwa 80. Swali la kueleza lilikuwa 10 kati ya 80, yaani asilimia 12.5, na lilikuja mara moja tu, mwishoni. Tumchukue A, aliyepata sifuri katika swali hilo kwa kigezo cha kueleza. Periodi 17 na 16, mtihani 26 kati ya 30 zilizobaki: jumla 59 kwa 80, karibu asilimia 74. Anapita vizuri kabisa bila kueleza sababu hata moja tangu Septemba. Wanafunzi wana akili. Wanaona pointi zinakaa wapi na wanapeleka nguvu huko. Kuwaita wavivu baada ya hapo si haki.

Interogasio mpya ilipaswa kuingia katika pointi zilezile 20 na dakika zilezile 50, maana mwalimu hana zaidi. Iligawanywa hivi: dakika 5 za kugawa karatasi na kusoma maagizo kwa sauti, dakika 40 za kazi, dakika 5 za kukusanya. Sehemu ya kwanza ina maswali 8 ya kuchagua jibu, pointi 1 kila moja, dakika 12. Sehemu ya pili ina hati moja na maswali 3 ya pointi 2, dakika 12. Sehemu ya tatu ni aya moja ya mistari 8 hadi 10, pointi 6, dakika 16. Kumbukumbu inabaki na 8 kati ya 20, kwa sababu bila tarehe na majina hakuna cha kufikiria nacho. Tatizo la kwanza halikuwa kuuliza tarehe, lilikuwa kuuliza tarehe peke yake.

Swali la kuchagua nalo linaweza kupima fikra, mradi majibu ya uongo yachaguliwe kwa makusudi. Mfano uliotumika: wafanyakazi walipoacha kazi Desemba 1941, ni jambo gani kati ya haya lilikuwa limekwisha kutokea? 1. Uhuru wa Kongo. 2. Katanga kujitenga. 3. Kuzuka kwa Vita vya Pili vya Dunia. 4. Mji kuitwa rasmi Lubumbashi. 5. Union Minière kutaifishwa. Jibu ni la 3. Hapa mwanafunzi halazimiki kukumbuka tarehe moja, analazimika kupanga matukio matano: uhuru 1960, kujitenga kuanzia Julai 11 mwaka huohuo, jina la mji 1966, kutaifishwa mwanzoni mwa 1967.

Waliofanya jaribio hilo, ambalo halikuhesabiwa pointi, walikuwa 55. Jibu la 3 lilichaguliwa na 31. La 2 na la 5 yalipata watano watano. La 1 halikupata hata mmoja. Kila mtoto anaijua Juni 30, 1960, kwa hiyo jibu hilo ni mzigo bure na lilibadilishwa kuwa «kufunguliwa kwa chuo kikuu mjini», jambo la 1956. Lakini jibu la 4 liliwavuta 14. Robo ya kalasi! Walipoulizwa, walijibu kwamba daftari limeandika «reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910». Na kweli liliandika hivyo. Mwalimu alipokuwa akitoa imla alichanganya majina mawili, Élisabethville na Lubumbashi, kama watu wote mjini wanavyochanganya wanapozungumza. Kosa la wanafunzi 14 lilikuwa sauti ya mwalimu ikirudi. Interogasio yenye thamani ndiyo inayoweza kumrudishia mwalimu habari ya namna hii, na ile ya kwanza, pamoja na wastani wake wa 15.5, isingeweza.

Hati ya sehemu ya pili ilikuwa ramani ya mkono: mpaka wa kusini, Sakania, Élisabethville 1910, Bukama 1918, na mishale ya reli. Basi. Swali la kwanza ni la kusoma: treni ya kwanza iliingia Katanga kutoka upande gani? La pili ni la kukisia kwa hoja: kabla ya 1918, shaba iliyotoka Élisabethville ilielekea baharini kupitia wapi, na unajuaje kwenye ramani? La tatu ndilo lililozaa matunda: taja jambo moja kuhusu maisha ya wafanyakazi ambalo ramani hii haiwezi kutuambia. Wengi walidhani ni mtego. Mmoja aliandika kwamba ramani inaonyesha reli ilikopita lakini haionyeshi nani aliijenga wala alilipwa nini, akapata zote mbili.

Kuhusu hati kuna sheria moja isiyovunjwa. Kama mwalimu hana maandishi ya zamani mkononi na anatunga mwenyewe mistari mitano juu ya bei na mishahara, aandike juu yake «maelezo ya mwalimu». Kuyavika maandishi hayo vazi la barua ya mfanyakazi wa 1941 ni kumfundisha mtoto kuamini hati ya uongo katika somo linalotakiwa kumfundisha kuzihoji hati.

Upande wa karatasi: ramani moja kwa kila benchi inatosha. Benchi 19, ramani mbili kwa kila karatasi, ni karatasi 10. Zipigwe kopi siku mbili kabla, umeme usije ukakatika asubuhi yenyewe. Maswali ya kuchagua yawe na mpangilio wa aina mbili, na kwenye kila benchi wa katikati apewe aina tofauti na wa pembeni.

Aya ya pointi 6 husahihishwa kwa vigezo vinne. Sababu mbili zilizo sahihi, pointi 1 kila moja. Kiungo, yaani maelezo ya jinsi kila sababu ilivyoleta kuacha kazi, pointi 1 kila kimoja. Ushahidi mmoja uliochukuliwa kwenye hati, pointi 1. Mpangilio wa wakati usiojikanyaga, pointi 1. Karatasi ya A kwa vigezo hivi inapata 3: sababu mbili zimetajwa, wakati umepangwa, viungo hakuna, ushahidi hakuna. Mistari ya penseli ya B inapata 4 (sababu mbili, kwa kuwa kuganda kwa mshahara kunahesabiwa peke yake, kiungo kimoja, na wakati), na angekuwa na 5 kama angegusa hati. Wawili waliotenganishwa na pointi 9 sasa wamekaribiana, na kila mmoja anajua anachokosa.

Vigezo peke yake havitoshi. Karatasi 10 zilisahihishwa na walimu wawili, kila mmoja bila kuona pointi za mwenzake. Katika karatasi 4 walitofautiana kwa pointi 2 au zaidi, kiasi kisichovumilika kwa swali la pointi 6. Chanzo kilikuwa kigezo kimoja, kiungo. Mwalimu mmoja alimpa pointi kila aliyeandika «parce que». Mwingine alidai hatua ya kati ionekane: vita, kisha bei, kisha mshahara usiotosha, kisha kuacha kazi. Waliafikiana kwamba neno la kuunganisha si kiungo. Kiungo ni hatua ya kati. Wakachagua karatasi tatu za mfano, ya pointi 1, ya 3 na ya 5, wakazibandika ndani ya jalada la daftari la pointi. Karatasi 10 nyingine zikasahihishwa, na tofauti kubwa ikabaki katika moja tu.

Muda wa kusahihisha ndio unaowakimbiza walimu, na wana haki. Interogasio ya zamani ilichukua dakika 2 kwa karatasi: kwa 56 ni dakika 112. Aya inaongeza dakika 3 kwa karatasi, yaani dakika 168, karibu saa tatu. Mwenye kalasi tano kama hii ana karatasi 280, na aya peke yake inakula saa 14. Haiwezekani kila wiki. Aya moja kwa kila periodi inawezekana, na kila kalasi ipangiwe wiki yake. Sahihisha aya zote kwanza, kisha rudi kwenye hati, usimalize karatasi moja moja. Mkono unabaki kwenye kigezo kilekile na muda unapungua. Tena unajikinga na kosa la kumpendelea kwenye aya yule aliyefanya vizuri kwenye maswali ya kuchagua.

Jaribio lile lisilohesabiwa lilitoa wastani wa 10.2: kuchagua 5.9 kwa 8, hati 2.4 kwa 6, aya 1.9 kwa 6. Baada yake wanafunzi walipewa vigezo, wakasahihisha wenyewe karatasi mbili zisizo na majina, wakaandika upya aya zao. Interogasio iliyohesabiwa ilikuja wiki tatu baadaye juu ya sura nyingine, Katanga kujitenga 1960 hadi 1963, kwa umbo lilelile. Wastani: kuchagua 5.6, hati 3.1, aya 3.1, jumla 11.8.

Mzazi anaona 15.5 imekuwa 11.8 na anakuja shuleni. Ni lazima aambiwe mapema, kwa barua fupi kabla ya buleteni, kwamba kipimo kimebadilika na kwamba tarakimu mbili hizi hazilinganishwi. Kinacholinganishwa ni aya: kutoka 1.9 hadi 3.1, kwenye sura ambayo hakuna aliyeikariri aya yake. Mwalimu asishawishike kuongeza pointi 3 kwa wote ili wastani upendeze. Akifanya hivyo anaua kitu pekee kilichoanza kusema kweli.

Sura hiyo ya kujitenga inahitaji uangalifu mwingine. Katika kalasi ya Katuba wanakaa pamoja watoto ambao babu zao walimshangilia Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na watoto wa familia zilizotoka Kasai, ambazo zinayakumbuka mafukuzo ya Wakasai kutoka Katanga ya 1992 na 1993. Swali «je, kujitenga kulikuwa haki?» linampima mtoto kwa nyumba anayotoka, na mwerevu ataandika anachodhani mwalimu anakitaka. Swali lililowekwa lilikuwa jingine: kodi za Union Minière ziliingia katika hazina ya Élisabethville badala ya Léopoldville (leo Kinshasa), eleza hilo lilifanya nini kwa kila upande. Mtoto wa upande wowote anaweza kupata 6, na anayelaani au kusifu bila kueleza anapata chini, awe wa upande gani. Maoni ya mwanafunzi yasikilizwe katika majadiliano ya kalasi, kalamu ya pointi ikiwa imefungwa.

Daftari la pointi lilibadilika sehemu moja tu. Badala ya safu moja kwa interogasio, sasa kuna tatu nyembamba, K, H na E, kwa kukumbuka, kusoma hati na kueleza, halafu jumla. Mstari wa B mwishoni mwa periodi ya tatu: K 4, H 4, E 4, jumla 12. Wa A: K 8, H 3, E 3, jumla 14. Wiki inayofuata B alipewa kadi za tarehe za kujipima na jirani yake wa benchi, dakika tano kabla ya somo. A alipewa aya yake mwenyewe ya semesta ya kwanza, imekatwa sentensi moja moja kwa mkasi, na nafasi tupu katikati ya kila mbili za kuandikia kilichounganisha.